Msamaha wa Meza ya Jirani

Mjinga wa siku ile alikuwa Lavern Kucera. Hilo halina ubishi, na ukimuuliza mwenyewe atakukubalia kabla hujamaliza swali, kwa sababu ni mtu aliyezoea kujicheka mapema ili wenzake wakija wakute kazi imekwisha. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la ng'ombe kutoka mashamba ya magharibi mwa Nebraska mpaka machinjio ya Omaha, na barabara ikamfundisha kwamba mtu akikununia, mtanie. Fundisho hilo lilimvunjia ndoa, likamng'oa jino moja kwenye kituo cha mafuta cha Grand Island, na mwisho likamtenga na Milo, mdogo wake wa pekee, kwa miaka tisa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Milo, msambaza barua, mtu mpole aliyekaa kapera mpaka umri wa miaka hamsini na sita, alimwoa Arlys, mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Karamu ya harusi ilifanyika Mtamba wa Shaba, mkahawa wa nyama wa pale Papillion, nje kidogo ya Omaha. Lavern akasimama na bilauri mkononi akasema mdogo wake amejipatia gari la mtumba, lakini watu wasiwe na wasiwasi, mwenyewe wa kwanza alilitunza vizuri mpaka akafia kwenye usukani. Meza nzima ilicheka kwa sekunde mbili hivi. Kisha kila mtu akakumbuka kwamba huyo mwenyewe wa kwanza alikuwa amezikwa mwaka mmoja na nusu tu uliopita, na kwamba wanawe, mmoja wa miaka kumi na mwingine kumi na mitatu, walikuwa wamekaa pale pale na viazi midomoni. Milo alimwonyesha mlango. Lavern akasema ni mzaha tu. Milo akamwonyesha mlango tena.

Tangu siku ile, kimya. Mpaka wiki iliyopita, Arlys alipompelekea ujumbe kwenye simu. Alhamisi, saa kumi na nusu, Mtamba wa Shaba. Meza ina jina la Kucera. Milo amekubali mara hii moja tu. Njoo na lile neno unalolijua. Kama huna, kaa nyumbani, tutaonana mazishini, ya kwako au ya kwake.

Neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu usiku ule ule wa harusi, na kwa miaka tisa amelisema mbele ya kioo cha kunyolea, mbele ya redio ya lori, mbele ya ng'ombe themanini wasiojali. Sasa alikuwa kwenye maegesho ya Mtamba wa Shaba, ndani ya pikapu yake, amevaa shati la mikono mirefu lenye mikunjo ya dukani, akilisema kwa mara ya mwisho kwenye kioo cha mbele. Saa ilikuwa kumi na robo.

Ilikuwa Oktoba, mashine za kuvuna mahindi zilikuwa kazini kote kuanzia hapo mpaka upeo wa macho, na vumbi la mahindi lilikuwa limepanda angani likatulia huko. Jua likipita ndani yake liligeuka kama chai ya rangi. Magari yote ya maegesho yalikuwa na ukungu huo wa dhahabu juu yake, hata yale mabovu, na wazee waliotoka ndani yake walitembea polepole kuelekea mlangoni, wawili wawili, wameshikana viwiko, kama watu wanaopita kwenye maji ya magoti. Lavern akawatazama mpaka akasinzia kidogo. Aliposhtuka hakuwa na hakika kama amelala dakika moja au nusu saa, na hali hiyo ya kutokuwa na hakika ilishuka naye garini, ikaingia naye ndani.

Mlangoni alisimama yule mtamba mwenyewe, ng'ombe jike mchanga wa shaba, kimo cha mtoto wa miaka sita, pua yake ikiwa imeng'arishwa na mikono ya watu. Lavern naye akaigusa. Nyuma ya meza ndogo alikuwepo binti mwenye kalamu sikioni.

"Kucera," Lavern alisema.

"Kucera," binti alijibu, akipitisha kidole kwenye karatasi yake. "Wenzako wameshafika. Wanamngoja mtu mmoja."

"Huyo mtu ndiye mimi."

"Basi twende, baba, mkate bado wa moto."

Sasa, kitabu cha simu cha Omaha kina akina Kucera wengi kuliko akina Smith wa miji mingine. Babu zao walikuja na majina yao kutoka Bohemia, wakayapanda kama mahindi, na yakaota. Mtu mwenye akili angemuuliza yule binti, Kucera yupi? Lakini mtu anayebeba neno la miaka tisa mdomoni hafungui mdomo ovyo, asije akalimwaga njiani. Lavern alimfuata kimya.

Wakapita kwenye meza ndefu ya saladi ya kujipakulia, ambako bibi mmoja alikuwa akichagua vipande vya bitiruti kimoja kimoja kama anayechagua vifungo. Wakapita kwenye mlango wa jiko, na moshi wa nyama ukamjia usoni, mzito, mtamu, wa mafuta yanayodondokea moto. Taa zilikuwa chache na za vioo vya rangi ya asali. Sauti zote zilikuwa za chini, za visu, za barafu kwenye bilauri, za vicheko vya watu walioshiba. Mpaka wanafika kwenye meza ya dirishani Lavern alikuwa anajisikia kama mtu anayetembezwa ndani ya tumbo la kitu kikubwa chenye huruma.

Mezani walikaa vijana wawili, kitoto cha kike chenye kalamu za rangi, na mwanamke wa miaka sitini hivi mwenye nywele fupi za mvi. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Vijana wote wawili walisimama.

"Anko," alisema yule mkubwa, akanyoosha mkono. "Umekuja."

"Nimekuja," alisema Lavern.

Aliwatazama vizuri. Wana wa Arlys alikuwa amewaona mara moja tu maishani, usiku ule, wakiwa watoto, na hata majina yao hakuyashika. Hilo nalo lilikuwa kwenye orodha ya mambo ya kuombea radhi. Sasa walikuwa wanaume. Mkubwa alikuwa na mabega mapana na ndevu zilizoanza kukubali. Mdogo alikuwa mrefu, mwembamba, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hesabu ya miaka ilikubali, au Lavern aliilazimisha ikubali.

"Na wengine?" aliuliza, akitafuta Milo na Arlys kwa macho.

"Watakuja au hawatakuja," alisema yule mwanamke wa mvi. "Kaa. Mkate unapoa."

Lavern akamdhania ni dada wa Arlys. Wanawake wa upande ule ndivyo wanavyozungumza wote, alijiambia. Utafikiri maneno wanayakopa. Akakaa. Mgongo wake ukaegemea ukuta mfupi wa mbao uliotenganisha meza hiyo na ya nyuma, ukuta uliofika juu ya kichwa chake kidogo tu, na juu yake pamepangwa majani ya plastiki.

Hapo ndipo ndoto ilipoanza kweli, kama mtu anataka kuiita ndoto. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mkate ulimjia, wa duara, unatoa mvuke, na siagi yenye asali ikaufuata. Yule kijana mkubwa, aliyeitwa Corbin, alimmiminia chai ya barafu bila kuuliza kama anaitaka. Mdogo, Trent, alimsogezea kachumbari. Yule mwanamke, waliyemwita Mama Blanche, alimwangalia akipaka siagi, akaangalia mikono yake kwa muda mrefu, halafu akageuza macho dirishani, ambako lile jua la vumbi lilikuwa linawaka juu ya paa za magari.

Kitoto kikamsogezea karatasi. "Nimekuchora wewe kabla hujafika."

Lavern akaangalia. Kilikuwa kichwa kikubwa cha rangi ya machungwa, miguu imeotea shingoni.

"Umenipatia," alisema. "Ila tumbo umelisahau."

"Tumbo liko chini ya meza."

"Mtoto ana akili. Nani alimlea?"

"Runinga," alisema Trent, na Corbin akamrushia kipande cha mkate.

Mhudumu akaja, akaandika. Nyama ya mbavu ya kuokwa polepole, ile ya Alhamisi, kwa watu wote. Lavern ya kwake aliitaka nyekundu katikati. "Ya kwangu ikilia usishtuke," alimwambia mhudumu, "mimi na ukoo wao tunafahamiana." Vijana wakacheka, kicheko kisicho na mwiba ndani yake, na Lavern akasikia kitu kifuani kikilegea, kitu ambacho kilikuwa kimekaza kwa muda mrefu hivi kwamba alikuwa amekizoea kama mfupa.

Wakaongea. Kuhusu mvua zilizochelewa, kuhusu gari la Trent linalokohoa asubuhi, kuhusu mahindi yaliyoangushwa na upepo huko Saunders. Maneno yalikuwa yanapita juu ya meza polepole, kama sahani. Kila wakati mtu alipomwita Anko, Lavern aligeuka kwa furaha ya mtu anayeitwa nyumbani akiwa bado mbali. Hakujua walimsamehe lini. Labda, alifikiri, hasira nazo huchakaa kama matairi. Siku moja unaangalia na hakuna kitu. Nyama ikaja kwenye sahani za moto, na kiazi kwenye foili yake kikifungua mdomo, na moshi ukapanda kati yake na nyuso zile mpaka zikayeyuka kidogo pembeni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kula, akashiba, akaenda zake amependwa. Lakini Arlys alisema aje na neno, na neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Akaweka kisu chini.

"Kabla hao wengine hawajafika," alisema, "nina jambo. Nimelizungusha mdomoni miaka tisa, kwa hiyo mtanivumilia likitoka limelainika."

Vijana wakaweka visu vyao chini. Hata kitoto kikaweka kalamu.

"Siku ile nilimsema vibaya baba yenu. Mbele yenu, mbele ya sahani zenu, na nyinyi mkiwa watoto. Alikuwa mtu bora kuliko nilivyomfanya, na hata kama asingekuwa bora, alikuwa wenu. Ningependa kuwaambia nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Niliogopa. Niliona ndugu yangu anapita upande wa pili, na mimi nimebaki huku peke yangu, na mimi nikiogopa natafuta kicheko, kama mwingine anavyotafuta kiti. Nikakipata. Kilidumu sekunde mbili. Na ndugu yangu, ambaye sijampenda mtu duniani kama yeye, tangu akiwa mdogo ananifuata nyuma na viatu vyangu vikubwa miguuni, nilimpoteza kwa mdomo wangu huu huu. Kila siku nilitaka kumpigia simu. Kila siku niliandaa utani wa kuanzia. Sina utani leo. Nimekosa. Naomba radhi."

Nje, mashine ya kuvunia ilipita barabarani ikiwa juu ya trela, kubwa kama nyumba, na kivuli chake kikapita juu ya meza, juu ya sahani, juu ya mikono ya watu wote, kikaondoka.

Corbin alikohoa. "Tulikuwa wadogo, Anko," alisema. "Mimi nakumbuka viazi tu."

"Baba alituambia wewe ni mdomo tu," alisema Trent. "Alisema moyo wako hauna kasoro."

"Alisema hivyo?" Lavern aliuliza, na yeye akimfikiria Milo, akimwona Milo kabisa, amekaa kwenye kiti chake cha jioni akiwaambia wale watoto maneno hayo, na macho yakamjaa maji. Corbin akanyoosha mkono akamshika bega. Mama Blanche alikuwa ameweka kitambaa mdomoni. Yote yakatulia. Lavern alikuwa ameketi katikati ya mwanga ule wa chai, amesamehewa, nyama nyekundu mbele yake, na akafikiri kwamba kama mtu angemwambia afe sasa hivi angeomba tu amalizie kiazi.

Ndipo kichwa kilipochomoza juu ya ukuta wa mbao, katikati ya majani ya plastiki. Kilikuwa cha Arlys. Kilikuwa na miwani, na subira kubwa.

"Shemeji," kilisema, "ukimaliza na hao, sisi tuko huku."

Lavern alikitazama. Kisha akatazama meza. Kisha akakitazama tena, maana kuna mambo ambayo mtu anataka ayaone mara mbili kabla hayajamharibia maisha.

"Huyo ni nani?" aliuliza Corbin.

"Shemeji yangu."

Corbin akaondoa mkono begani, taratibu, kwa adabu. "Basi wewe ni nani?"

"Lavern."

"Lavern nani?"

"Kucera."

"Sisi ndio Kucera."

"Naona," alisema Lavern.

Trent akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda, akaficha uso kwenye kitambaa. Kitoto kikachukua ile karatasi, kikaifikiria, kikairudisha mbele ya Lavern, kikaamua picha ni yake hata hivyo. Lavern akamgeukia Mama Blanche. Yeye peke yake hakuonyesha kushangaa.

"Ulijua," alisema Lavern.

"Emil, shemeji yangu mimi, mashine ya mahindi ilimkata vidole viwili akiwa na miaka kumi na tisa. Wewe umeshika mkate kwa kumi." Alikunja kitambaa chake. "Hawa walikuwa wadogo, hawakumbuki. Mimi nakumbuka."

"Na hukusema kitu."

"Mwanzoni nilidhani utajigundua mwenyewe. Halafu ukaanza kuongea. Mtu akishaanza jambo kama lile, humkatizi ukamuuliza kitambulisho."

"Mama," alisema Corbin, "na Anko Emil je?"

"Emil amesema anakuja mara nne sasa. Mara nne nimeweka kiti." Mama Blanche alimtazama mwanawe, sauti yake ikiwa ile ile, ya kuzungumzia mvua. "Alimsema baba yenu siku tunamzika, na neno lile hajawahi kulirudia kulifuta, na hatalifuta. Nilitaka mlisikie likifutwa. Hata kwa mdomo wa kuazima." Akasukuma kikapu cha mkate kuelekea kwa Lavern. "Nenda kwa watu wako. Chukua na mkate."

Lavern alisimama, sahani mkono mmoja na kikapu mkono mwingine. Alitaka kusema kitu cha kuwachekesha. Hakikuja. Akainamisha kichwa, na wale vijana nao wakainamisha vyao, kama watu waliokutana kanisani.

Kutoka meza ile mpaka ya pili ni hatua sita, kuzunguka mwisho wa ukuta. Lavern alizipiga kwa muda mrefu. Mwanga ulikuwa ule ule, moshi ule ule, yule bibi wa bitiruti bado yuko kwenye bitiruti zake, lakini sasa kila kitu kilikuwa na kingo. Akauzunguka ukuta, na Milo huyo hapo.

Alikuwa amenenepa. Kapelo ameishusha mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa na mgongo umeegemea ukuta ule ule wa mbao, upande wa pili, kiasi kwamba kwa karibu saa nzima visogo vyao viwili vilikuwa vimeachana kwa unene wa ubao na jani la plastiki. Mbele yake nyama ilikuwa haijaguswa.

"Kaa," alisema Arlys.

Lavern akakaa. Akaweka mkate mezani.

"Umechelewa," Milo alisema, akiongea na chumvi.

"Nilikuwa hapo nyuma yako."

"Najua ulikokuwa. Mkahawa mzima unajua ulikokuwa."

"Basi umesikia."

"Nimesikia mzee mmoja akizungumza na familia yake."

"Milo. Yale yalikuwa yako."

"Yangu?" Milo aliinua kichwa kidogo, kapelo haikuinuka. "Miaka ishirini na nane nimesambaza barua, Lavern. Barua ikiingia kwenye sanduku la jirani, haijafika. Hata kama jirani ni Kucera."

"Ikiwa umeisoma, imefika."

"Kusoma barua ya jirani ni kosa la jinai."

"Basi kamshtaki yule binti wa mlangoni," alisema Lavern. "Mimi nilimwambia Kucera. Ningemwambia nini? Kucera yule mwenye kinyongo?"

Aliyasikia maneno yakimtoka, na alijua kabla hayajatua. Milo akaweka mikono yake miwili juu ya meza, kama mtu anayetaka kuinuka.

"Umeona?" Milo alimwambia mkewe. "Dakika haijaisha."

"Imenitoroka," alisema Lavern haraka. "Hiyo imenitoroka, haikuwa imepangwa."

"Zote zinakutoroka. Iliyopangwa umewapa wale."

"Unataka niseme tena?"

"Nataka useme mara ya kwanza. Kwangu. Nikiwa nakutazama."

Haki yake, Lavern alijua ni haki yake. Akavuta pumzi. Akamtazama mdogo wake, zile nyusi zilizojificha, kidevu kile cha baba yao, na akafungua mdomo kuliita lile neno la miaka tisa. Halikuwepo. Mahali lilipokuwa likikaa palikuwa patupu na pamefagiliwa, kama zizi la lori baada ya kushusha. Alikuwa na mwanzo tu.

"Siku ile," alisema. Akasubiri. "Siku ile, Milo, nilikuwa..."

Kwenye meza ya jirani walikuwa wameanza tena kula. Visu viligonga sahani polepole, na yule mtoto alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ukingo wa dirisha, na mwanga wake wa mwisho ukalala juu ya meza yao kati ya ndugu wawili, juu ya mkate usio wao.

"Wanao hawapo," Lavern alimwambia Arlys, kama mtu anayetafuta pa kushika. "Nilitaka nao wasikie."

"Mmoja yuko chuo, Lincoln, mwingine yuko zamu," alisema Arlys. "Watasikia kwangu. Masikio yangu yanafanya kazi."

"Hapana," alisema Milo. Alikuwa ameshika koti lake, lililokuwa limetundikwa kwenye kulabu pembeni, na mkono mmoja ulikuwa tayari unatafuta sehemu ya kupitia. "Hakuna cha kusikia. Wale aliwapa kila kitu. Aliwapa mpaka vile viatu nilivyovaa utotoni. Mimi ananipa siku ile, siku ile, halafu anamezea mate. Arlys, tuwe wakweli. Huyu hakuniomba mimi. Aliwaomba watu wa dirishani, na watu wa dirishani wakamsamehe, na ni watu wazuri, na Mungu awabariki. Msamaha ule ni wa kwao. Mimi siwezi kubeba kitu cha wenyewe nikaenda nacho nyumbani."

Lavern aliangalia mkono ule ukiingia kwenye koti na akawaza kwamba ukishatoka upande wa pili, basi, ndiyo mwisho.

Arlys akakata kipande cha nyama ya mumewe, akakitafuna bila haraka, akameza, akafuta mdomo.

"Kama ulikuwa wa wale, Milo," alisema, "mbona aliyelia ni wewe?"